Muhuri wa Namatuli

Barua ya kukifuta kijiji cha Namatuli ilipelekwa Namatuli. Usicheke kwanza. Kuna mtu mzima, mwenye meza yake na kiti cha kuzunguka, alikaa ofisini huko mjini akaandika kwamba kijiji kimechukuliwa na mafuriko, kwamba kuanzia tarehe ya barua ile hakipo tena kiserikali, wananchi wake wahesabiwe kijiji cha jirani cha Nangolwa, na mwenyekiti arudishe muhuri mara moja. Halafu juu ya bahasha akaandika: Mwenyekiti wa Kijiji, Namatuli. Bodaboda aliyekabidhiwa bahasha alifuata barabara ya Kilambo, akakata kuingia kwenye mikorosho, akaenda mpaka njia ilipoishia majini. Akauliza Namatuli iko wapi, akaonyeshwa mto. Akageuza pikipiki. Barua ikarudi ofisini, ikafungiwa kwenye faili, na kwenye faili wakaandika kuwa imepelekwa.

Na kweli ilipelekwa, nani atabisha? Ila mwenyewe hakuipata. Mwenyewe alikuwa Beatriz, mwenyekiti, na wakati ule yuko juu ya kilima cha Nangolwa chini ya turubai, anagawa unga wa msaada na kuwafokea waliojipanga foleni mara mbili.

Huyu Beatriz ni mtu wa kawaida kabisa. Mama yake alivuka Ruvuma akiwa na mimba yake, wakati wa vita vya Mreno, akajifungulia upande huu. Beatriz akasoma hadi darasa la saba, akaolewa, akalima mpunga bondeni, akazika mume, akalea binti mmoja, Dalila, ambaye sasa anashona nguo Chuno, huko mjini. Ana mdomo, hilo halifichiki. Alipogombea uenyekiti kuna wanaume walisema mwanamke mwenye jina la Kireno ataongoza nini, na yeye akawajibu mkutanoni, mbele ya wake zao, kwamba ataongoza walichoshindwa wao, aanze na choo cha shule. Akapita. Choo kikachimbwa.

Siku alipoapishwa kijiji hakikuwa na muhuri, maana wa zamani ulikuwa umelika mpaka jina lilisomeka nusu. Wakauagiza kwa Shabani, fundi wa mihuri wa Chuno, anayechonga mpira kwa wembe, herufi moja moja, zimegeuka nyuma mbele. Mpini walipeleka wenyewe. Mchongaji mmoja wa pale kijijini aliutoa kwenye kipande cha mpingo, akausugua mpaka ukang'aa, kwa sababu walisema vijiti vya fundi vya mbao laini vitaoza na unyevu wa mto. Muhuri ukakaa kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo likakaa uvunguni kwa Beatriz, na ufunguo wa chumba ukakaa kifuani kwake.

Kulikuwa na utaratibu Namatuli, na utaratibu huu Beatriz aliukuta kwa wenyeviti waliomtangulia, naye akaukazia. Muhuri haukugongwa kimya kimya. Ukija na barua yako, iwe ya kumwandikisha mtoto shule, iwe ya kuvuka kwenda msibani, mwenyekiti anawaita jirani wawili walio karibu, anaisoma kwa sauti kuanzia tarehe mpaka jina la mwisho, kisha anauliza kama kuna mwenye neno. Mwenye neno aseme pale pale. Kama hakuna, anaupulizia mpira pumzi ya moto, maana wino wa kijiji siku zote umekauka, anagonga nusu ya muhuri juu ya saini, nusu pembeni. Wengi pale hawakusoma, lakini hakuna aliyewahi kuondoka na karatasi asiyojua imesema nini. Nenda kwenye ofisi zenye kompyuta uniambie kama wanaweza kusema hivyo.

Usiku ule mto ulipoingia majumbani, watu walibeba walichoweza. Beatriz aliacha godoro, akaacha kuku, akaacha picha ya harusi ukutani, akapanda kilima na kopo la maziwa kichwani. Ile picha inamuuma mpaka leo. Lakini akiulizwa anasema angefanya vile vile, kwa sababu picha ilikuwa ya kwake na kopo lilikuwa la watu.

Nangolwa waliwapokea, hatuwezi kusema hawakuwapokea. Waliwapa upande wa mteremko wenye mawe. Mwenyekiti wa huko, Josephu, mtu wa kutoka mkoa mwingine aliyekuja zamani kufundisha shule akastaafu pale pale, aliitisha kikao akasema wote wanakaribishwa, ila atakayetaka kuandikwa kwenye daftari la wakazi aanze upya kama mgeni, na wale wenye majina kama Alberto na Ines walete kwanza barua ya uhamiaji. Watu waliozaliwa upande huu! Wamechanjwa upande huu, wamepiga kura upande huu, baba zao wamezikwa upande huu. Beatriz alisimama akamwambia kuwa watu wake si wageni wa mtu, wana kijiji chao na muhuri wao, na maji yakirudi mkondoni mwake nao watarudi kwao.

Ndivyo walivyoishi. Namatuli ya mteremkoni ikawa inaendesha mambo yake chini ya turubai, baadaye chini ya bati. Barua zikasomwa, muhuri ukagongwa. Zahanati ikaupokea, shule ikaupokea, hata huko kivukoni watu walipokwenda na kurudi kwa ndugu zao wa ng'ambo, ukapokelewa. Miaka miwili mizima. Na mwaka huu mto ulipoanza kuhamia upande wa pili, mchanga wa Namatuli ukaonekana, na minazi kadhaa ikiwa bado imesimama, watu wakaanza kushuka kwenda kuangalia viwanja vyao na kubishana kistaarabu mpaka wa fulani ulipita wapi. Beatriz aliwaambia wavute subira masika moja tena. Alikuwa na furaha ambayo hakuionyesha, maana kwake furaha hujificha nyuma ya ukali.

Basi ndipo akafa mjomba wa Ines, huko ng'ambo. Ines hakuweza kwenda, mpunga ulikuwa umeanza kuiva na ukimwacha ndege siku moja tu umekwisha. Akaenda mumewe, Alberto, kuwakilisha. Huyu Alberto ni mtu mpole wa makamo, mwezekaji mzuri, ambaye tangu utoto wake hajawahi kugombana na mtu isipokuwa na ndege. Beatriz akamwandikia barua ya kuvukia, akaisoma mbele ya jirani, akagonga. Kwenda hawakumuuliza kitu. Kurudi, afisa wa kivukoni akaichukua ile barua, akafungua orodha mpya ya mihuri ya vijiji vya mpakani, akapitisha kidole kutoka juu mpaka chini. Akamuuliza anatoka wapi. Alberto akasema Namatuli. Afisa akamwambia hakuna Namatuli, na karatasi hii ni ya kughushi. Akarudishwa kwenye mtumbwi ule ule alioshukia.

Ng'ambo nako wakamwambia yeye ni Mtanzania, msiba umekwisha, asizoee. Akawa analala kwenye nyumba ya matanga ambayo wenye matanga wameshaondoka. Dawa zake za presha zilikuwa nyumbani juu ya kabati. Ines akampa mvuvi amvushie, na mvuvi akazivusha, hakuna aliyeuliza dawa zile zinatoka kijiji gani. Mwenye dawa ndiye aliyekwama.

Beatriz alifika kivukoni asubuhi na kopo lake. Alijua ni kosa dogo la orodha, ataonyesha muhuri, watacheka, mtu atavuka. Afisa alikuwa kijana mwenye adabu zake. Alimpa kiti, akamwamkia, akamwita mama, kisha akamweleza taratibu kwamba kijiji cha Namatuli kilifutwa mwaka juzi na kila karatasi aliyoigonga tangu hapo ni batili. Akaongeza kwa sauti ya chini kuwa angetaka angeweza hata kumfungulia shauri, lakini hataki, anaona ni mzazi.

Hebu fikiria. Mtu anaambiwa kijiji chake kimekufa, anaambiwa na kijana asiyemjua, kando ya mto, miaka miwili baada ya mazishi.  Beatriz akauliza ni nani aliyekifuta. Kijana akasema ofisi. Akauliza kwa nini yeye hakuambiwa. Kijana akasema barua ilipelekwa.

"Ilipelekwa wapi?"

"Namatuli, mama."

Roho ilimchemka. Si kwa sababu ya yule kijana, kijana alikuwa anasoma alichoandikiwa. Ni kwa ajili ya hao walioona sawa kuandikia maji. Kijiji kizima kiko juu ya kilima, moshi unafuka, watoto wanakwenda shule, wakubwa wamekuja na magari yao kupiga picha za msaada, wamepeana mikono na mwenyekiti mbele ya kamera, na ulipofika wakati wa kumwambia wewe si kitu tena, wakamtafuta mtoni! Aliyasema haya yote, na kwa sauti. Kijana akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba yeye amemwelewa ila orodha haielewi. Amletee karatasi yoyote yenye muhuri ulio hai, inayosema huyu bwana barua yake ilikuwa halali siku alipopewa, naye atamvusha siku hiyo hiyo.

Akapanda kwa Josephu. Alimkuta barazani anachambua mchele. Akajishusha, na kwa Beatriz kujishusha ni kazi. Akamwita mwenyekiti mwenzangu, akamwomba barua ya mistari miwili. Josephu akasema angependa sana kusaidia, lakini huyo Alberto hayumo kwenye daftari lake, kwa hiyo hamjui. Beatriz akainua macho akaangalia paa la jiko la Josephu, limeezekwa vizuri, makuti yamelala sawasawa, na aliyeliezeka ni Alberto, kwa siku nzima, akila ugali pale pale barazani. Akamwonyesha kwa kidole. Josephu akaendelea na mchele wake, akasema anamjua kibinadamu, ila kiofisi hamjui. Haya ndiyo majibu ya mtu aliyefundisha watoto wa watu maadili miaka yote hiyo.

Kesho yake akashuka mjini, akafikia kwa Dalila. Binti aliposikia habari yote akamchukua mama yake hadi kwa Shabani, kibanda cha tatu kutoka kwenye cherehani yake, akidhani anamsaidia. Shabani aliukumbuka muhuri kabla hajaambiwa, akaushika ule mpini akautazama kama anayemwona mtoto wa jirani amekua. Aliposikia kisa akapunguza sauti. Akasema muhuri wa Nangolwa pia aliuchonga yeye, herufi zake anazijua gizani, na kabla ya saa ya chakula mama anaweza kuondoka na pacha wake, hakuna jicho litakalowatofautisha.

Beatriz akamtolea uvivu. "Nimeitwa mghushi kwa muhuri wa halali. Sasa unataka nikafanye iwe kweli?"

Dalila akainamisha kichwa. Shabani hakukasirika, alicheka kidogo akasema alikuwa anatania, na sote tunajua hakuwa anatania. Na Beatriz mwenyewe, tusimfanye malaika, usiku alifikiria. Alimfikiria Ines anayefukuza ndege peke yake kutwa na kugeuka kila mtumbwi unapogusa ukingo. Lakini kila alipofika kwenye kugonga, alijiona anaisoma barua ile mbele ya jirani wawili na kuuliza kama kuna mwenye neno, na hapo ikamshinda.

Ofisini walimpiga danadana. Dirisha la kwanza wakasema ni dirisha la pili, la pili wakasema mhusika yuko kikaoni, mhusika akatoka kikaoni akasema habari za vijiji vilivyofutwa si zake, zake ni za vijiji vipya. Beatriz alikaa kwenye benchi la korido pamoja na watu wengine waliobeba bahasha zao, kopo la maziwa mapajani, akisubiri kwa hasira iliyokwishapoa juu na kuiva chini. Mchana akaitwa kwa Frank, afisa wa mambo ya vijiji, kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi. Alianza kumsikiliza huku anaandika kitu kingine. Beatriz akafungua kopo, akauweka muhuri mezani.

Frank akaacha kuandika. Akaugeuza, akasoma mpira, uso ukamchanua. Akasema huo muhuri wameutafuta mpaka basi. Wakaguzi wanakuja Jumatatu, na kila mwaka hoja ni ile ile, muhuri wa Namatuli haujarudishwa, uko wapi, nani anao. Akamwagizia mama soda. Ajabu ya wakubwa hii: kijiji hakuna aliyekitafuta, ila muhuri ulitafutwa.

Hapo hapo Frank akachapa hati ya makabidhiano, akaichapisha, akamsogezea na kalamu, akamwonyesha mahali pa kusaini. Beatriz hakusaini. Akaichukua ile karatasi, akasimama, akatoka nayo mlangoni hadi kwenye korido, akawaita mama mmoja na mzee mmoja waliokuwa wamekaa naye benchi moja tangu asubuhi. Akawaambia huko kwao karatasi husomwa. Akaanza kusoma kwa sauti, kuanzia tarehe. Na tarehe iliyoandikwa pale ilikuwa ya mwaka juzi, siku ile ile ya barua iliyopelekwa mtoni.

Akasimama hapo hapo kwenye tarehe. Akairudia. Akamuuliza yule mzee leo ni tarehe ngapi mwaka gani, mzee akamwambia, na korido nzima ikageuza shingo. Frank alikuja mbio, amekunja uso, anatabasamu kwa meno tu, akamwomba mama warudi ndani wazungumze.

Ndani akajieleza. Alisema ni ili faili likae sawa. Akiandika tarehe ya leo, wakaguzi watasema ofisi iliuacha muhuri wa serikali ukitembea mitaani miaka miwili.

"Na ndivyo ilivyokuwa, mwanangu," Beatriz akamwambia. "Ukiandika mwaka juzi, mimi ni mwizi wa muhuri na Alberto ni mzamiaji. Andika leo. Andika kwamba hadi leo ulikuwa mikononi mwangu kwa halali na niliowagongea walipewa barua halali. La sivyo narudi nao nyumbani, uwaeleze wakaguzi wako."

Frank akakaa. Akasugua macho. Mtu akisugua macho ofisini ujue ameanza kufikiri. Kisha akasema jambo ambalo Beatriz hakulitegemea, na alilisema bila hila, hata sauti ilikuwa imebadilika. Akasema mama aelewe anachoomba. Ile barua ya kwanza haikupokelewa na mtu, na mtu akiikatia rufaa leo, akisema wananchi hawakuarifiwa, inaweza kuanguka. Amesikia maji yamerudi nyuma, amesikia watu wameanza kushuka. Wana hoja. Lakini hati hii ikiandikwa kwa tarehe ya leo, ikisainiwa na mwenyekiti mwenyewe kwa hiari yake, basi Namatuli itakuwa imefungwa leo, kihalali, na aliyeifunga ni yeye. Hakutakuwa na pa kukatia rufaa.

"Kwa hiyo ukitaka, rudi nao," akasema. "Mimi nitajibu hoja yangu. Ila huyo bwana itabidi asubiri rufaa, na rufaa sijui ni lini."

Beatriz aliangalia muhuri pale mezani. Miaka miwili alikuwa amekibeba kijiji kwenye kopo, akawakatalia watu kwenda kuomba ugeni kwa Josephu, akawaambia tuna chetu. Mchanga umeshaonekana. Minazi imesimama. Kuna watu asubuhi ile ile walikuwa bondeni wanapima viwanja kwa kamba. Alitamani awaite, hata wawili tu, awasomee, awaulize kama kuna mwenye neno. Hakukuwa na mtu wa Namatuli katika ofisi ile isipokuwa yeye, na ng'ambo ya mto alikuwepo mmoja, katika nyumba isiyo yake, anayesubiri dawa kwa mvuvi. Alichukia kwamba wamempangia hesabu ya namna hii, watu ambao kosa ni lao, kisha wakamwachia yeye jibu. Alichukia hata soda.

Akasema, "Andika leo."

Hati ikachapwa upya. Akaisoma yote kwa sauti, Frank akisikiliza, mstari wa kuwa muhuri ulitumika kihalali hadi siku ya kupokelewa akausoma mara mbili. Akasaini. Frank akaomba muhuri ugongwe mara ya mwisho, chini ya saini, kama kielelezo, na Beatriz akaupulizia pumzi akagonga, nusu juu ya saini, nusu pembeni. Halafu Frank akatoa wembe drooni, akaupasua mpira msalaba, herufi zikaachana. Beatriz akaomba mpini, akasema mpingo ule haukununuliwa na serikali. Frank akajibu kwa masikitiko kwamba mpini nao ni sehemu ya kielelezo, akaufunga pamoja na mpira kwenye mfuko wa plastiki. Kopo akarudishiwa. Kwenye gari la kurudi alilishika mapajani likiwa tupu, akawa mkali kwa kondakta bila sababu.

Siku ya pili alifika kivukoni na Ines. Yule afisa kijana akaisoma hati, akalinganisha na barua ya Alberto, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema hii sasa ndiyo karatasi. Akampungia mvuvi. Baada ya muda mtumbwi ukaja, na Alberto akashuka na mfuko wake, amekonda, amevaa shati la marehemu mjomba. Ines hakumkumbatia mbele za watu, alimchukua ule mfuko tu, akaushika kwa mikono miwili. Alberto akamwendea Beatriz, akapiga goti moja kidogo kama wafanyavyo kwao kwa wakubwa, akamwita Mama Mwenyekiti, akamshukuru. Beatriz akamwambia anyanyuke, mchanga ni wa moto.

Ikabaki kitabu. Afisa alikuwa lazima amwandike aliyeingia. Akamuuliza jina, akaandika. Akauliza shughuli, akaandika mkulima. Akauliza anakaa wapi.

"Namatuli," akasema Alberto.

Afisa akaiinua kalamu. Akamwambia kwa upole kuwa hicho hakiandikiki, kimefungwa tangu jana. Alberto akatabasamu, akidhani ni lile lile kosa la orodha, akasema yeye ni mtu wa Namatuli, baba yake amezikwa Namatuli, na mwenyekiti wake huyu hapa amesimama, aulizwe. Akageuka kumtazama. Ines naye akamtazama. Kalamu ikasubiri.

Beatriz alikuwa na maneno mengi ya kusema. Angeweza kusema ni nani aliyeandikia maji barua. Angeweza kusema juu ya Josephu na paa lake, juu ya wakaguzi na hoja zao, juu ya soda. Lakini kitabu kilikuwa wazi, na kijana akikifunga, mtumbwi wa kumrudisha Alberto ng'ambo ulikuwa bado haujaondoka.

"Alberto," akasema, "sema Nangolwa."

Alberto hakuelewa. Akamwangalia Ines, akamwangalia tena yeye, akisubiri asome, akisubiri aulize kama kuna mwenye neno. Beatriz akarudia kwa sauti kali, ile aliyokuwa akiwafokea nayo watu wa foleni, kwamba aseme Nangolwa amwache mtoto wa watu afanye kazi yake.

Alberto akasema Nangolwa. Afisa akaandika, akachukua muhuri wake, akagonga mara moja, akafunga kitabu, akawatakia safari njema.